Mashua Iliyo Chini ya Sanamu
Mhadhara juu ya picha ya sanamu ya Stanley, Kinshasa



Picha mnayoiona ukutani ilipigwa Kinshasa mwaka 2004. Mpiga picha ni Guy Tillim wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Johannesburg, na picha hii imo katika kazi yake iitwayo Leopold and Mobutu. Tunaona sanamu kubwa ya shaba, sanamu ya mwanamume, imelazwa ndani ya mashua ya chuma iliyoliwa na kutu. Imekatika miguuni. Mkono mmoja umekunjwa na kuinuliwa usawa wa paji la uso, mkao wa mtu anayekinga jua ili aone mbali. Huyo ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti na msafiri aliyeufuata mto Kongo kutoka Nyangwe mpaka baharini.

Wengi wakiitazama picha hii huona kuanguka kwa mkubwa. Aliyetukuzwa yuko chini, kutu imemzunguka, na historia imempitia. Hayo yamo, nami siyapingi. Nimekuja kuwaomba mtazame kile alicholazwa ndani yake. Nitazungumza juu ya mashua, na nikizungumza juu ya mashua siwezi kuwaacha watu wa pwani yetu, maana bila mabega yao mashua za safari za Stanley zisingefika pale.

Nianze na sanamu yenyewe. Iliundwa na Arthur Dupagne, mchongaji wa Kibelgiji aliyewahi kufanya kazi Kongo akiwa mhandisi katika machimbo ya almasi ya Tshikapa kabla ya kujikita katika uchongaji. Ilizinduliwa katikati ya miaka ya 1950 mjini Léopoldville, juu ya kilima ambacho Wabelgiji walikiita Mlima Stanley. Kutoka kilimani pale macho hushuka mpaka mtoni, mahali ambapo maji mapana na matulivu ya Pool yanaanza kubanwa na kuingia kwenye maporomoko. Dupagne alimsimamisha Stanley akiyaelekea maji, mkono usoni, kama anayeiona Afrika kabla wenyewe hawajaiona.

Miaka michache baadaye Kongo ikapata uhuru, mwaka 1960. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani. Oktoba 1971 nchi nzima ikaitwa Zaire, na katika siasa ile ya Rais Mobutu ya kurudi kwenye asili, sanamu za wakoloni zikang'olewa. Stanley akashushwa, kama alivyoshushwa Mfalme Leopold II na farasi wake. Kilima kikapewa jina la Ngaliema, mtawala na mfanyabiashara wa Kintambo ambaye Stanley alimkuta pale. Sanamu ikatupwa katika uwanja wa vyombo chakavu vya serikali, na huko ndiko Tillim alikoikuta zaidi ya miaka 30 baadaye.

Sasa nataka tuweke kando ya picha hii picha nyingine, za enzi sanamu ikiwa imesimama. Serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilikuwa na idara yake ya habari yenye wapiga picha walioajiriwa, na picha zao zilisambazwa kwa jina la Congopresse. Zilisafishwa kwa wingi, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi nzito yenye kung'aa, na nyuma ya kila picha paliandikwa maelezo yake. Zikapelekwa kwenye magazeti, shule na maonyesho ya Ulaya. Kandokando yake zilikuwapo kadi za posta, ambazo Mbelgiji wa Léopoldville alizinunua dukani akampelekea mama yake Antwerp au Liège. Mnara wa Stanley ulikuwa kipenzi cha kadi hizo. Mpiga picha husimama chini, kamera inatazama juu, na mtu wa shaba anajitokeza peke yake mbele ya mawingu.

Peke yake. Hapo ndipo penye kiini cha neno langu. Sanamu ya msafiri karibu siku zote ni ya mtu mmoja, na picha ya sanamu humzidishia upweke, kwa kuwa mpiga picha huchagua pembe ambayo haina mtaa wala mpita njia. Mtazamaji akizoea picha za namna hii huamini kwamba safari nazo zilikuwa hivyo, mtu mmoja na upeo wa macho.

Stanley aliujua uwezo wa picha mapema kuliko wengi wa zama zake. Aliporudi Uingereza mwaka 1872, baada ya kumkuta Livingstone kule Ujiji, aliingia studio ya London Stereoscopic Company akiwa amevaa mavazi yake ya safari, bunduki mkononi, nyuma yake pazia lililochorwa mandhari ya Afrika. Picha zile ndogo za kubandika kwenye kadi ziliuzwa kwa umma. Katika baadhi yake yupo mtoto mmoja anayeitwa Kalulu. Kalulu alikabidhiwa kwa Stanley mwaka 1871 huko Unyanyembe, Tabora ya leo, akiwa mtumwa mdogo katika mikono ya wafanyabiashara. Stanley akamchukua hadi Uingereza na Marekani, akamvisha, akamsomesha kidogo, akapiga naye picha. Ndani ya studio ya London, mbali sana na msitu wowote wa Afrika, Kalulu alipewa kazi ya kuonekana kama mtumishi wa safari. Ninaamini sanamu ya Kinshasa ni mjukuu wa picha zile. Mkao wa msafiri uliundwa kwanza mbele ya kamera, na shaba ilikuja kuunakili.

Mkumbukeni Kalulu, maana tutakutana naye tena mtoni.

Tuje kwenye safari. Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 350. Wazungu wenzake walikuwa watatu tu: Frederick Barker na ndugu wawili, Edward na Francis Pocock. Waliobaki wote walikuwa watu wa Unguja na mrima na bara, wanaume wengi, wanawake kadhaa, na watoto. Walijiita Waungwana, ingawa si wachache kati yao walikuwa watumwa wa matajiri wa mjini waliokodishwa kwa mshahara ambao bwana alikula sehemu yake. Walipewa malipo ya miezi minne kabla ya kuondoka, kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Kazi ya upagazi ilikuwa na utaratibu wake, wenye vyeo na sheria: kirangozi wa kuongoza njia, wanyapara wa kusimamia, askari wenye bunduki, wapagazi wa shanga, nguo na nyaya za shaba, na posho iliyogawiwa kwa kipimo kinachojulikana. Wanyamwezi na watu wa pwani waliijenga kazi hiyo miaka mingi kabla Mzungu hajaihitaji. Stanley alikuja akakuta barabara, bei, lugha na wataalamu.

Na alikuja na mashua. Iliitwa Lady Alice, ikiwa na urefu wa futi 40, imeundwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, na ilikatwa vipande ili ibebwe. Hebu fikirini maana ya kubeba vipande vya mashua kutoka Bagamoyo hadi ziwa la Ukerewe, ambalo leo tunaliita Victoria. Kipande cha mashua hakikunjiki. Hakipiti kichakani kama mtumba wa nguo. Wapagazi wake walichaguliwa kwa nguvu, wakalipwa zaidi ya wenzao, na mbele yao walitangulia watu wa kufyeka njia. Waliibeba hadi ziwani, ikaungwa, ikaelea. Ikavuliwa tena vipande, ikabebwa hadi Tanganyika, ikaungwa. Ikavuliwa, ikabebwa hadi Lualaba, mkondo wa juu wa mto Kongo. Nahodha wa mashua hiyo, aliyejulikana katika msafara wote, alikuwa Uledi. Stanley mwenyewe amemsifu kwa kuwaokoa wenzake wengi waliokuwa wakizama. Mnyapara mkuu alikuwa Manwa Sera. Majina haya yamo katika kitabu chake cha mwaka 1878, na hayamo popote juu ya shaba.

Machi 1877 walifika Pool, maji yale mapana yanayotazamwa na kilima cha Ngaliema. Mbele yao yalikuwa maporomoko, moja baada ya jingine, mpaka karibu na bahari. Siku kumi na kadhaa tu baada ya kufika Pool, tarehe 28 Machi, mtumbwi uliokuwa na Kalulu na wenzake ulikamatwa na mkondo ukaporomoka. Wakafa wote. Siku hiyo hiyo mtumbwi mwingine ulichukuliwa ukiwa na mtu mmoja aitwaye Sudi, lakini yeye aliokoka na akarejea kwa wenzake baada ya siku chache, nao walikwisha kumhesabu maiti. Tarehe 3 Juni akazama Francis Pocock, Mzungu wa mwisho aliyekuwa amebaki na Stanley. Edward na Barker walikwisha kufa. Tangu hapo Stanley alikuwa na Waungwana peke yao.

Kalulu alikufa kijana, katika maji yaliyo chini kidogo tu ya kilima kile. Dupagne alipoiunda sanamu ya kusimama pale, alimwelekeza Stanley kwenye mto uliomeza watu waliomfikisha pale. Sidhani kama alikusudia. Lakini ndivyo ilivyo, na kila picha ya kadi ya posta iliyopigwa pale ina maji hayo nyuma yake au mbele yake.

Julai 1877 ilipoisha waliiacha Lady Alice juu ya miamba ya Isangila, kwa kuwa hapakuwa tena na nguvu ya kuibeba. Watu walikuwa wakifa kwa njaa. Agosti 4, kutoka kijiji cha Nsanda, Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa bwana yeyote anayejua Kiingereza aliyeko mjini Boma, akisema kwamba amekuja kutoka Zanzibar akiwa na watu 115, wanaume kwa wanawake na watoto. Nani walioipeleka? Uledi, Kacheche, Muini Pembe, na Robert Feruzi, kijana aliyesoma shule ya misheni ya Kiingereza Unguja na ambaye angeweza kueleza kwa mdomo kilichoandikwa. Wakatembea wakiwa na njaa, wakarudi na wapagazi wa mchele, samaki na viazi. Kama kungekuwa na sanamu moja ya safari ile inayostahili kusimama Kinshasa, mimi ningependa iwe ya watu hawa wanne wakiwa na barua.

Nirudi kwenye mashua ya picha. Wale waliojua historia kidogo wamewahi kudhani kwamba ile ndiyo Lady Alice. Siyo. Lady Alice ilikuwa ya mbao na ilifia miambani. Hii ni ya chuma, na inaelezwa kuwa ni mabaki ya chombo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ile jumuiya ambayo Leopold II aliitumia kuficha tamaa yake kabla ya kuitwaa Kongo kuwa mali yake mwaka 1885. Sasa fuatilieni hoja hii pamoja nami. Reli kutoka Matadi hadi Léopoldville ilimalizika mwaka 1898. Kabla ya hapo chombo chochote cha kuelea kisingeweza kupanda kutoka Atlantiki hadi Pool kwa maji, kwa sababu ya maporomoko yale yale yaliyomuua Kalulu. Basi kila mashua ya jumuiya ile iliyoelea juu ya Pool ilifika ikiburutwa au kubebwa vipande vipande milimani na watu. Stanley aliporudi mwaka 1879 kumfanyia kazi Leopold, alipitia kwanza Zanzibar, akaajiri makumi ya watu, wengi wao wakiwa wale wale waliovuka naye bara. Hao, pamoja na Wakongo wa sehemu za chini na vibarua waliotoka pwani nyingine za Afrika, ndio waliofungua njia ya mawe kando ya maporomoko na kupitisha meli ndogo za mvuke, ikiwamo En Avant iliyofika Pool mwaka 1881.

Kwa hiyo picha ya Tillim, tukiisoma vizuri, ina watu wengi. Imejaa mabega yasiyoonekana. Sanamu ya aliyebebwa imelala ndani ya kitu kilichobebwa.

Katika kazi hiyo ya Stanley, iliyozaa mji wa Léopoldville, kulikuwa na mtu mwingine ambaye sisi tunamjua kwa safari nyingine. Abdallah Susi, yule aliyebeba maiti ya Livingstone pamoja na Chuma na wenzao kutoka Chitambo hadi Bagamoyo katika miaka ya 1873 na 1874, alikwenda Kongo na Stanley mwaka 1879 akiwa kiongozi wa Wazanzibari. Alikuwapo katika mashauri na Ngaliema, na katika kuchanjiana udugu wa damu kati ya Ngaliema na Stanley. Ngaliema hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa na bunduki, alishika biashara ya pembe za ndovu ya Kintambo, na alimbana Stanley kwa miezi. Mji wenye mamilioni ya watu leo ulianzia kwenye mabishano ya watu hao, na Susi akiwa katikati yao. Naona ajabu kwamba hata kwetu, ambako jina la Susi linatajwa kila tunapozungumza habari za Livingstone, sura hii ya maisha yake haisomeshwi.

Hapa lazima niseme neno zito, kwani nisipolisema nitakuwa nimebadilisha sanamu moja ya uongo kwa nyingine. Waungwana wa Stanley hawakuwa kondoo. Agosti 1875, kwenye kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika mkoa wa Kagera, Stanley alirudi na mitumbwi na bunduki kuwalipiza watu walioiteka mashua yake na kumnyang'anya makasia mwezi Aprili. Yeye mwenyewe aliandika kwamba zaidi ya watu 30 waliuawa, na habari hizo zilipofika Uingereza zilizusha lawama kubwa. Aliyetoa amri ni Stanley, ila vidole vingi vilivyofyatua risasi vilikuwa vya Waungwana. Kwenye Lualaba walipigana kijiji baada ya kijiji. Na wakati huo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuingia Manyema kwa bunduki na minyororo. Mkongo wa Kasongo au wa Kisangani akisikia mtu wa Zanzibar anadai heshima kwa ajili ya wapagazi wa Stanley, ana haki ya kumwuliza habari za vijiji vilivyochomwa. Swali hilo halifutwi na mateso ya waliobeba.

Mimi nadhani jibu la kweli ni kuwaonyesha watu hao kwa ukamilifu wao, yaani walichofanyiwa na walichofanya. Mtumwa aliyekodishwa, akashika bunduki, akamwua mtu asiyemjua kwa amri ya mtu asiyekuwa na haki, kisha akazama mtoni kabla ya kupokea mshahara wake: huyo ndiye binadamu wa safari zile. Shaba haimwezi. Pengine picha inamweza.

Maana picha ipo. Hapa naomba tubadilishe ile iliyoko ukutani. Mnayoiona sasa ni mchoro uliochongwa kutokana na picha iliyopigwa Kabinda, pwani ya magharibi, mwaka 1877, mara tu msafara ulipofika baharini. Stanley aliuweka katika kitabu chake mwaka uliofuata. Wamekaa na kusimama kwa kusongamana, wamekonda, nguo walizopewa zikiwapwaya. Wengine hawakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kadhaa walikufa pale pale Kabinda, njaa ikiwa imekwisha na chakula kikiwa tele, kana kwamba mwili ulikuwa umeshikiliwa na safari tu. Kundi lililobaki lilichukuliwa na meli ya Uingereza, likazunguka Rasi ya Tumaini Jema, likafika Unguja Novemba 1877. Mshahara ukagawiwa, na jamaa za waliokufa wakaja kupokea haki ya maiti wao.

Tazameni maelezo yaliyo chini ya mchoro huo. Yanasema hawa ni kundi la wafuasi wa Bwana Stanley. Wafuasi, bila jina hata moja. Uledi yuko wapi kati yao? Manwa Sera ni yupi? Feruzi je? Stanley aliwajua mmoja mmoja, aliwaandika katika orodha zake za mishahara, waliokufa na waliopona. Lakini picha ilipokwenda kuchapwa, majina yakaachwa kwenye daftari. Maelezo ya Tillim mwaka 2004 nayo yanamtaja Stanley na yanaitaja Kinshasa. Simlaumu, kwani alipiga picha ya sanamu. Ninachosema ni kwamba tangu 1872 hadi karne hii, maelezo ya picha za safari hizi yamebaki na jina moja.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pwani ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed, alilionja jambo hili kwa namna yake. Mwaka 1876 alikubali kumsindikiza Stanley kutoka Manyema kwa ahadi ya reale 5,000, na waliachana Vinya-Njara mwishoni mwa Desemba. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed analalamika kwamba aliahidiwa zawadi kubwa kutoka Ulaya, na kilichomfikia ni picha ya Stanley. Mtu aliyefungua njia ya msafara alitumiwa sura ya aliyebebwa na msafara. Ningelikuwa naandika kitabu juu ya picha na wasafiri, hapo ndipo ningelianzia.

Kuhusu hatima ya sanamu nitasema kwa ufupi. Mwaka 2005 serikali ya Kinshasa ilimsimamisha tena Leopold II juu ya farasi wake karibu na stesheni kuu, na haikufika kesho yake akashushwa. Baadaye Stanley aliunganishwa miguu yake, na sasa amesimama katika bustani ya makumbusho palepale Ngaliema, pamoja na Leopold na Mfalme Albert. Wales nako, mjini Denbigh alikozaliwa mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, alijengewa sanamu mpya mwaka 2011, akiwa amenyoosha mkono wa salamu. Watu wa mji huo walipiga kura juu yake mwaka 2021, na wengi wakataka ibaki. Wana haki juu ya mji wao. Mimi naona kuiweka sanamu ndani ya makumbusho ni sawa, lakini uamuzi wa Kinshasa una upungufu mmoja: bustani ile imewapanga wafalme na msafiri, na kando yao hakuna aliyebeba. Aliyeshushwa na aliyesimamishwa bado ni yule yule mmoja.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwanza kwetu, kabla ya kuyapeleka Kinshasa au Brussels.

Ombi la kwanza ni kwa makumbusho na nyaraka zetu za Zanzibar na Bagamoyo. Picha ya Kabinda iwekwe mahali watoto wa shule wanapoingia, kwa ukubwa wa ukuta, na kando yake orodha ya majina yanayojulikana, hata kama hatuwezi kusema jina lipi ni la uso upi. Donald Simpson alikusanya mengi ya majina hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya wenzi wa Kiafrika wa wasafiri, na Stephen Rockel mwaka 2006 akaandika historia ya wapagazi wenyewe. Vitabu vyote viwili viko kwa Kiingereza. Tuna vyuo, tuna wafasiri, tuna wachapishaji. Kazi hii haihitaji fedha ya kutisha.

La pili ni kwa wenzetu wa Kongo, hasa watafiti wa Kisangani, Kindu na Kasongo wanaozungumza lugha moja nasi. Tunahitaji kuandika historia hii pamoja, tukiwa na maswali yenu juu ya minyororo mezani, bila kuyakwepa. Chuo Kikuu cha Kisangani na vyuo vya pwani vinaweza kuanza na kitu kidogo: kusoma kwa pamoja Maisha ya Hamed bin Muhammed, sura kwa sura, tukiweka kando yake masimulizi ya vijiji vya Lualaba.

La tatu ni kwenu nyote mliomo ukumbini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, za Bagamoyo, za Ujiji na Tabora zina bahasha au sanduku la picha za zamani. Babu amesimama na wenzake kumi mbele ya ofisi ya posta. Mabaharia wako kwenye sitaha. Wafanyakazi wa reli wamempanga Mzungu katikati. Mzungu jina lake mara nyingi limeandikwa, na wale kumi ni nyuso tu. Bado wapo wazee wanaowajua. Chukueni penseli laini, si kalamu ya wino, maana wino hupenya karatasi na kuharibu picha upande wa pili. Geuzeni picha juu ya kitambaa safi, muulizeni bibi, na mwandike nyuma yake, kwa mkono mwepesi: jina la kila mmoja kuanzia kushoto, mahali, na mwaka. Fanyeni hivyo mwezi huu, wakati wanaokumbuka wangali hai.